Mguu Ulio Kwenye Karatasi: Msamiati wa Kiingereza na Barua ya Mgonjwa

Mgonjwa aingiapo katika chumba cha uchunguzi na kusema, "Mguu unaniuma," mazungumzo huendelea bila tatizo. Muuguzi humtazama, mgonjwa hunyoosha kidole, na mahali penye maumivu hujulikana mara moja: gotini, kwenye muundi, kifundoni au unyayoni. Kiswahili hakimlazimishi msemaji kukigawanya kiungo hicho, kwa kuwa mguu ni mguu tangu nyonga hadi vidoleni. Kiingereza humlazimisha. Kina neno "leg" kwa sehemu iliyo juu ya kifundo na "foot" kwa sehemu iliyo chini yake, na anayeandika barua ya rufaa kwa lugha hiyo hana budi kuchagua. Kwenye karatasi hakuna kidole cha mgonjwa. Kidonda cha mtu mwenye kisukari kikiandikwa kuwa kipo kwenye "leg" ilhali kipo unyayoni, anayepokea barua huanza kufikiria maradhi ya mishipa ya vena, wakati kilichopaswa kumjia akilini ni madhara ya kisukari katika nyayo.

Ugumu huo, ambao wahudumu wa afya wa Afrika Mashariki hukutana nao kila siku bila kuupa jina, hujitokeza kwa ukali zaidi pale wanapokaa mbele ya mtihani wa Kiingereza. Kwa wauguzi na madaktari, mtihani unaozidi kujulikana ni Occupational English Test, au OET, uliobuniwa nchini Australia mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wataalamu wa afya waliosomea nje ya nchi hiyo. Leo unahusu fani 12, zikiwemo udaktari, uuguzi, famasia na tiba ya meno. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Sehemu ya kuandika huchukua dakika 45. Katika dakika tano za kwanza mtahiniwa haruhusiwi kuandika chochote, bali husoma muhtasari wa faili la mgonjwa. Katika dakika 40 zinazobaki huandika barua moja yenye maneno 180 hadi 200 hivi, aghalabu barua ya rufaa, ya kumruhusu mgonjwa kutoka hospitali au ya kumkabidhi kwa mhudumu mwingine.

Maneno 200 ni machache mno. Hujaza chini ya ukurasa mmoja. Hata hivyo, hapo ndipo wengi huangukia. Mapema mwaka 2022, baada ya Kenya kutiliana saini na Uingereza makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya, aliyekuwa Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alieleza hadharani kwamba kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza ni 10 tu waliofaulu. Habari hiyo ilizua kejeli nyingi, na kejeli hizo hazikuwa za haki. Watu hao walisoma masomo yao yote ya sekondari na ya uuguzi kwa Kiingereza. Waliandika mafaili kwa Kiingereza kila siku. Walichokosa ni aina mahususi ya msamiati ambayo hakuna aliyewahi kukaa nao na kuwafundisha. Hata Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza lenyewe limeona kwamba kuandika ni kizuizi cha pekee: Desemba 2018 lilishusha alama ya kuandika katika mtihani wa IELTS kutoka 7.0 hadi 6.5, huku sehemu nyingine zikibaki 7.0. Kwa OET, baraza hilo hutaka daraja B katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na C+ katika kuandika.

Wapo wanaouliza kama inafaa kuwaandaa wahudumu wetu kwa mtihani ambao wengi huufanya ili waondoke. Swali hilo ni zito na halijibiwi kwa aya moja. Itoshe kusema kwamba ujuzi unaopimwa katika barua ile ndio huohuo unaohitajika kati ya zahanati ya kijijini na hospitali ya rufaa ya mkoa, maadamu mafaili na barua za rufaa za hapa nyumbani nazo huandikwa kwa Kiingereza. Atakayebaki ataufaidi sawasawa na atakayesafiri.

Kosa la kwanza la wanaojiandaa ni kukimbilia maneno makubwa. Daftari la mtahiniwa aghalabu huwa na orodha ndefu: "ameliorate", "plethora", "commence", "utilise". Ameaminishwa kwamba mtahini huvutiwa na neno lisilo la kawaida. Imani hiyo ina chimbuko lake katika IELTS, ambako upana wa msamiati ni mojawapo ya vigezo vinne vya kusahihisha, ingawa hata huko neno kubwa lililotumika vibaya humshusha mwandishi. Katika OET vigezo ni sita: lengo la barua, maudhui, ufupi na uwazi, mtindo unaofaa, mpangilio, na lugha. Kigezo cha kwanza kina alama tatu na vilivyobaki vina alama saba kila kimoja. Maana yake ni kwamba msamiati na sarufi kwa pamoja vimo katika kigezo kimoja tu kati ya sita, lakini uchaguzi mbaya wa maneno huharibu pia uwazi, mtindo na hata lengo. Aandikaye "ameliorate" mahali ambapo "improve" ingetosha hajaonyesha elimu. Amemfanya msomaji mwenye wagonjwa 30 wodini asimame kidogo bila sababu.

Mfano wa zoezi husaidia kuliona jambo hili. Muhtasari unamhusu mzee wa miaka 68 mwenye kisukari kwa miaka 12. Alilazwa kwa kidonda kilichoambukizwa katika unyayo wa kushoto, akapewa antibayotiki, na sasa anaruhusiwa kwenda nyumbani. Anaishi peke yake, macho yake yamefifia, na mara kwa mara husahau insulini ya usiku. Mtahiniwa anatakiwa kumwandikia muuguzi wa jamii. Sentensi ya kwanza inayofaa ni ya namna hii: "I am writing to refer this patient, who is being discharged today, for daily wound dressing and support with his evening insulin." Hakuna neno hata moja hapo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi halijui. Nguvu ya sentensi imo katika kwamba "refer", "discharge", "dressing" na "support" yamekaa mahali pake, na msomaji amekwisha kujua anatakiwa kufanya nini kabla hajafika mstari wa tatu.

Katika sentensi hiyohiyo fupi mna mitego kadhaa inayomhusu msemaji wa Kiswahili hasa. Mmoja ni neno "his". Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika viwakilishi: yeye ni yeye, na "yake" ni yake. Kwa hiyo mwandishi aliyechoka, hata akiwa na Kiingereza kizuri, huanza barua kwa "he" na katikati akateleza kuingia "she". Katika mazungumzo watu huvumiliana. Katika barua ya mgonjwa, msomaji hujiuliza kama ukurasa wa mgonjwa mwingine umechanganyika na huu. Dawa ya kosa hili haimo katika kamusi. Mtahiniwa atenge dakika moja ya mwisho, apitie barua akitafuta viwakilishi tu, asisome kitu kingine.

Mtego mwingine ni wa saa. Mzee akisema husahau sindano ya saa mbili usiku, muuguzi wa Kiswahili humwelewa bila kufikiri, kwa sababu siku ya Mswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na usiku wake linapotua. Kwa Kiingereza saa hiyo ni 8 pm. Aandikaye "2 at night" amemhamisha mgonjwa kwa saa sita, na insulini haina huruma kwa makosa ya namna hiyo. Si ajabu kwamba wahudumu wazoefu hupendelea kuandika vipindi badala ya saa, kama vile "12-hourly" au "with the evening meal". Maneno haya yana faida mbili: ni ya kawaida katika barua za kitabibu, na hayaachi nafasi ya kukosea.

Hata "discharge" yenyewe ina sura mbili. Ni kumruhusu mgonjwa, na pia ni usaha au majimaji yanayotoka kidondani. Zote mbili zaweza kuhitajika katika barua hii moja. Mwanafunzi aliyejifunza neno hilo kwa tafsiri moja tu, "kuruhusu", atakwama akikutana na "no discharge from the wound". Ndiyo maana kujifunza neno moja kwa maana moja ni nusu ya kazi. Neno hujifunzwa pamoja na majirani zake.

Suala la majirani linastahili kukaliwa kwa muda, kwani hapa ndipo alama nyingi hupotea. Kiswahili kina kihusishi kimoja chenye bidii ya ajabu: "kwa". Mgonjwa amelazwa kwa nimonia, ametibiwa kwa antibayotiki, kwa siku tano, kisha amepelekwa kwa daktari bingwa, kwa gari la wagonjwa. "Kwa" mara tano, na msikilizaji hachanganyikiwi. Kiingereza hudai "admitted with", "treated with", "for five days", "referred to" na "by ambulance". Hakuna kanuni inayoeleza kikamilifu kwa nini iwe hivyo. Kitenzi huja na kihusishi chake kama mtu anavyokuja na kivuli chake, na njia pekee ni kuvikariri pamoja. Aandikaye kwenye daftari "refer = kupeleka" amejifunza kidogo sana. Aandikaye "refer a patient to a specialist for review" amejifunza kitenzi, vihusishi viwili na nomino tatu kwa gharama ileile ya wino. Vivyo hivyo kwa "allergic to penicillin", "diagnosed with hypertension", "complained of chest pain" na "advised to reduce salt".

Kisha kuna maneno ambayo mgonjwa huyatamka na muuguzi hulazimika kuyavusha. "Nasikia maumivu" haiwi "I hear pain", na kila mtu anajua hilo. Lakini "hajapata choo siku nne" huwachanganya hata walio hodari, mpaka wakumbuke "constipated" au, kwa usahihi zaidi, "has not opened his bowels for four days". "Ameongezewa maji" si kuongeza maji, bali "was given intravenous fluids". "Nina kifua" huenda ikawa kikohozi, huenda ikawa kubanwa pumzi, na muuguzi lazima aulize kabla ya kutafsiri. "Tumbo" ni pana kuliko yote: Kiingereza cha kitabibu hutenganisha "stomach", ambayo ni kiungo kimoja cha mmeng'enyo, na "abdomen", ambayo ni eneo zima. Mwanamke anayelalamika maumivu ya tumbo chini ya kitovu hana "stomach pain", bali ana "lower abdominal pain", na tofauti hiyo humwelekeza daktari kwenye viungo tofauti kabisa. "Mkono" nao ni kama mguu: ni "arm" na ni "hand". "Kidole" chaweza kuwa cha mkono au cha mguu. "Homa", kwa wengi, ni joto la mwili na ni jina la ugonjwa kwa wakati mmoja. Na "ndugu" anayekuja kumtazama mzee kila jioni huenda akawa kaka, binamu, au mtoto wa dada. Katika historia ya maradhi ya ukoo, kumwita baba mdogo "father" hubadilisha hesabu ya hatari.

Kwa upande wa maneno ya kuunganishia, orodha zilizotungwa na wataalamu zina msaada wake. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno 2,000 hivi yanayohitajika zaidi katika Kiingereza cha kawaida. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma, ambayo kwa pamoja hufikia takriban asilimia 10 ya maneno katika maandishi ya chuo kikuu. Kwa anayeandaa IELTS ya kitaaluma, mwenye kutakiwa kuandika insha ya maneno 250 kwa dakika 40, orodha ya Coxhead ni ya kuanzia. Kwa anayeandaa OET, ni ya pili. Barua ya mzee wetu wa kidonda inahitaji zaidi maneno madogo kama "since", "despite", "however", "therefore", "until". "Despite treatment, the wound remained infected" ni sentensi ya maneno sita inayobeba historia ya wiki nzima. Wengi wanalijua neno "despite". Wachache wanajua kwamba halifuatwi na "of".

Dhana ya familia ya maneno haipaswi kumtisha Mswahili. Aliyezaliwa katika lugha yenye pima, kipimo, upimaji, mpimaji na pimika ana sikio tayari kwa "assess", "assessment" na "reassess". Tofauti ni kwamba Kiswahili hufuata utaratibu unaotabirika, ilhali Kiingereza hubadili ghafla: "advise" ni kitenzi, "advice" ni nomino, na nomino hiyo haina wingi. "Advices", "equipments" na "informations" ni makosa matatu ambayo wasahihishaji huyaona mara nyingi kutoka ukanda huu, na yanaweza kuondolewa kwa jioni moja.

Kuhusu namna ya kuyaweka maneno kichwani, mengi yameandikwa, lakini jambo la msingi ni la zamani. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akionyesha jinsi kinachokaririwa kinavyosahaulika kwa kasi mwanzoni na polepole baadaye, na jinsi marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa yanavyozidi yale yaliyorundikwa siku moja. Katika miaka ya 1970 Sebastian Leitner alilifanya wazo hilo kuwa kifaa cha mezani: kadi za maneno ndani ya kisanduku chenye vyumba kadhaa. Kadi uliyoijibu vizuri husogea chumba cha mbele, ambacho hufunguliwa kwa nadra zaidi. Uliyokosea hurudi chumba cha kwanza. Zipo programu za simu zinazofanya kazi hiyo sasa, lakini kadi za karatasi zilizokatwa kutoka kwenye kasha la glovu hufaa vilevile, na hazihitaji bando.

Kinachoamua mafanikio ni kilichoandikwa juu ya kadi. Muuguzi anayemaliza zamu ya usiku hana nguvu ya kujifunza maneno 50 mapya. Anaweza, hata hivyo, kuchukua malalamiko matatu aliyoyasikia usiku huo, bila jina la mgonjwa wala chochote cha kumtambulisha, na kuyaandika upande mmoja wa kadi kwa Kiswahili kilekile cha mgonjwa: "Miguu inawaka moto usiku." Upande wa pili huandika sentensi nzima ya kitabibu: "He reports a burning sensation in both feet at night." Kadi tatu kwa zamu ni kadi nyingi kwa miezi mitatu, na kila moja ina uso wa mtu nyuma yake, jambo ambalo hakuna orodha ya vitabuni inayoweza kulitoa.

Kitenzi "reports" katika kadi hiyo kimechaguliwa kwa makusudi. Mazoea ya kitabibu ya Kiingereza yana vitenzi vyenye ukali ambao wenyewe hawausikii tena: mgonjwa "complains", mgonjwa "denies smoking", mgonjwa "is non-compliant". Kwa daktari mwenzio vinapita. Lakini mtihani waweza kumtaka mtahiniwa amwandikie afisa ustawi wa jamii au binti wa mgonjwa, na hapo "he denies" husomeka kama shutuma polisi. Kigezo cha mtindo humwangalia mwandishi kama ametambua anamwandikia nani. Mzee wa zoezi letu hakukaidi insulini. Haoni vizuri alama zilizo kwenye sindano. "Non-compliant" ingemhukumu na kuficha sababu. "Has difficulty reading the markings because of poor eyesight" inamwambia muuguzi wa jamii alete nini siku ya kwanza.

Vifupisho navyo vinahitaji tahadhari hiyohiyo. Muhtasari wa mtihani, kama mafaili ya wodini, hujaa alama za mkato ambazo mtahiniwa lazima azifungue ziwe sentensi kamili kabla hazijafika kwa mtu asiye wa idara yake. Mazoea ya wodini hufanya kazi hiyo iwe ngumu kuliko inavyoonekana, kwani mtu aliyeandika kwa vifupisho miaka kumi husahau kwamba sentensi inahitaji kitenzi.

Mgonjwa naye ana sehemu yake katika msamiati huu, hata kama hajui neno moja la Kiingereza. Anapoeleza maumivu aonyeshe mahali kwa kidole, na asiridhike na "mguu" au "tumbo". Anapotaja saa ya dawa aongeze asubuhi, mchana au usiku, na ikiwezekana aeleze ni kabla au baada ya mlo gani. Anapotaja ndugu mwenye maradhi kama yake aseme ni wa tumbo moja, wa baba mmoja, au mtoto wa shangazi. Na anapokabidhiwa bahasha ya rufaa, anaweza kumwomba muuguzi amsomee kwa Kiswahili kilichoandikwa ndani, kabla hajaondoka kituoni. Akiambiwa imeandikwa "left foot", aangalie kama kidonda kiko kushoto.